Dawa ya Moto, Maziwa ya Bibi

Lucknow, 5 Julai 1986

Mpenzi Mama mdogo Farhat,

Assalamu alaykum, na shikamoo. Sisi huku hatujambo, tunamshukuru Mungu, na tunatumai huko Karachi nanyi mu wazima, wewe na Baba mdogo na watoto. Mvua zimechelewa na joto linatukaanga. Mama anakusalimu, mgongo wake ndio ule ule. Baba anakusalimu kwa kukohoa nyuma ya gazeti, unamjua. Bibi ameniagiza nikwambie kwamba maembe ya mwaka huu ni matamu kupita kiasi, na kila akila moja anauliza, "Na Farhat wangu je?" Tangu uolewe ng'ambo ya mpaka umekuja mara mbili tu, na mgeni yeyote akitokea huko Bibi humuuliza kama amekuona, utadhani Karachi ni mtaa mmoja.

Sasa nikueleze kilichonishikisha kalamu. Wale watu wa Kanpur wanaotaka kuniposa walikuja kuniona. Taukir mwenyewe hakuja, walikuja mama yake na dada yake. Mama alipika kebabu tangu asubuhi, mimi nikavaa nguo niliyoitarizi mwenyewe, nikaleta chai. Yule mama akanishika kidevu akanigeuzia dirishani, akanitazama muda mrefu kama mtu anayechagua kitambaa. Dada mtu akasema, "Mama, kwenye picha hakuwa hivi." Wala hakunong'ona.

Chunusi, Mama mdogo. Zimenijaa mashavuni hadi shingoni, nyingine kubwa zina usaha, na nikilalia shavu zinauma. Bibi amemaliza ujuzi wake wote: unga wa dengu na manjano, majani ya mwarobaini, ile sharubati chungu ya kusafisha damu. Nimeinywa mpaka nimechoka na nafsi yangu. Wageni waliondoka wakisema watarudi baridi ikiisha, "tuone Mungu atapenda nini." Kila mtu alielewa maana yake.

Bibi aliwasindikiza akitabasamu. Aliporudi akaketi kitandani kwangu, akasema, "Mimi sina haja tena ya kitu duniani. Nikuone na shela jekundu, basi, halafu Mungu anichukue hata kesho yake." Nililia mpaka nikaona haya. Nifanyeje?

Wako mtiifu,
Nuzhat

Bibi anataka kuongeza neno: *Farhat, njoo. Mama yako.*


Karachi, 9 Agosti 1986

Mwanangu Nuzhat,

Waalaykum salaam, marahaba. Barua yako imefika ikiwa imefunguliwa na kugundishwa tena, kama kawaida. Hao wasomaji wa mpakani sasa wanaujua uso wako kuliko mimi. Sisi wazima. Baba mdogo wako anazidi kunenepa na kumsingizia fundi cherehani. Watoto wanasoma, au ndivyo wanavyoniambia.

Huyo dada wa Kanpur mwenye macho makali, mwache. Ukishaolewa utakuwa wifi yake, na utapata miaka mingi ya kumlipa.

Sikiliza. Jirani yangu ana binti, Shaista, ambaye uso wake ulikuwa umeharibika kuliko unavyonieleza wako. Walimpeleka kwa daktari wa ngozi, akapewa antibayotiki ya kumeza, tetrasaiklini, ile ya kapsuli. Alimeza miezi kadhaa, na leo hii anajitazama kwenye kila kioo mpaka mama yake anakereka. Mwambie mama yako akupeleke kwa daktari wa ngozi hapo Lucknow. Acheni sharubati. Lakini uwe na subira, si dawa ya siku mbili. Inaingia polepole, na ukiiacha njiani umepoteza kazi bure.

Na nina habari. Nimeomba viza. Mungu akipenda baridi hii nitakuja, na nikikuta tarehe ya arusi imepangwa nitakupaka hina kwa mkono wangu.

Mama, umesikia? Nakuja.

Farhat


Lucknow, 14 Septemba 1986

Mpenzi Mama mdogo,

Assalamu alaykum, shikamoo. Hatujambo. Mvua zilikuja zote kwa mpigo, ukuta wa uani umeanguka na Baba ameusimamisha kwa maneno tu, matofali bado. Bibi tangu apate habari ya viza anafua mashuka ya wageni kila Ijumaa.

Tulikwenda kwa Daktari Rizvi, mwanamke mwenye miwani minene. Akanitazama, akaandika dawa ile ile uliyoitaja. Mama akamuuliza kwa sauti ya chini kama haitaniharibu kizazi. Daktari akacheka, akasema wasiwasi wake ni nikiwa mjamzito, na mimi hata mchumba sina. Kisha akanigeukia mimi: "Kimoja asubuhi, kimoja jioni. Na maji, tumbo likiwa tupu. Usikose."

Basi nikafika nyumbani na vidonge vyangu vya rangi mbili. Bibi akachukua kimoja, akakinusa.

"Hii dawa ya moto."

"Daktari amesema nimeze na maji, Bibi."

"Daktari gani? Yule mtoto wa juzi? Dawa za hospitali zote ni za moto. Ukiimeza tumbo tupu itakuchoma ini, na joto lote litakupanda usoni. Si ndiyo zitazidi? Maziwa yataipoza."

"Lakini Bibi, amesema..."

"Mimi nimelea watoto watano kwa dawa za moto na maziwa. Yupi amekufa?"

Baba akasema, "Mama, mwacheni mtoto afuate daktari." Bibi akamwambia, "Wewe soma gazeti lako."

Kwa hiyo nanywa maziwa. Asubuhi na jioni anayapasha mwenyewe, anatia sukari kidogo, anayaleta kwenye kile kikombe chake cha shaba, malai, ule utando wa mafuta ya maziwa, ikiwa juu. Lazima niile malai kwanza, ndipo kidonge, ndipo maziwa hadi chini. Anasimama pale pale. Nikimaliza ananiambia nifungue mdomo, kama anayenunua ng'ombe.

Ila kuna jambo linanisumbua. Yale ni maziwa yake. Ndiyo yale Ramdin muuza maziwa anayomletea tangu mifupa ianze kumuuma. Sasa yeye anakunywa chai ya rangi na kusema maziwa yanamjaza gesi. Nimkatalie? Niambie wewe.

Nuzhat

*Farhat, mtoto huyu mbishi kama wewe. Mwambie anywe maziwa. Mashuka ni masafi. Mama yako.*


Karachi, 22 Oktoba 1986

Mwanangu,

Waalaykum salaam. Nilicheka mpaka Baba mdogo wako akaja kutazama kuna nini. Hicho kikombe! Nilipougua malaria, nikiwa na umri kama wako, alinibana pua nikakimaliza chote, na kwinini ikiwa bado inauma kwenye ulimi. Nikamtapikia miguuni. Akaenda kupasha kingine.

Mwache. Maziwa hayajamuua mtu. Mama yangu hana dhahabu ya kukupa, ana kikombe hicho, na ukikikataa atakaa kona akihesabu tasbihi kwa wiki nzima. Kunywa, meza, fungua mdomo. Uso ukitakata atasema ni maziwa, na daktari atasema ni dawa, na sisi tutakula biriani.

Viza bado inashughulikiwa. Mama, amesikia. Amekubali.

Farhat


Lucknow, 30 Novemba 1986

Mpenzi Mama mdogo,

Assalamu alaykum, shikamoo. Hatujambo sote. Baridi imeingia mapema mwaka huu. Bibi hajambo, ana kikohozi kidogo tu. Baba amepata matofali.

Uso wangu ni ule ule. Nilitaka kukuandikia kitu kingine lakini hakuna kitu kingine. Kila asubuhi natazama kwenye kioo kabla sijanawa, labda leo, na leo ni kama jana. Nilirudi kwa Daktari Rizvi. Alinitazama juu ya miwani, akauliza, "Nuzhat, unameza kweli?" Nikaapa. Akauliza kama naruka siku. Nikaapa tena. Nilitoka pale nikijisikia mwongo, na sikuwa nimedanganya. Amesema niendelee, wengine mwili wao unachelewa.

Bibi aliposikia akasema anajua kosa liko wapi. Dawa ni ya moto kuliko alivyodhani, na kikombe ni kidogo. Sasa ni vikombe viwili asubuhi, viwili jioni.

Kutoka Kanpur wametuma mtu kuulizia hali. Bibi alimjibu, "Bado kidogo tu, mtoto anapendeza kila siku." Nilikuwa nyuma ya pazia. Yule mtu akasema kuna familia nyingine huko Unnao, wana binti, na mama yake Taukir si mtu wa kungoja sana. Baada ya hapo Bibi hakula.

Leo hataongeza neno, amelala.

Nuzhat


Karachi, 26 Desemba 1986

Nuzhat,

Waalaykum salaam. Huku wazima.

Nimeisoma barua yako mara nyingi na kila mara naishia pale chini. "Amelala." Mama hajawahi kulala wakati wa kuniandikia. Hata baba yetu alipofariki aliandika mstari wake. Dada naye haandiki, na mumewe ndiye kabisa. Niambie wewe. Kikohozi gani hicho? Amepelekwa kwa daktari? Anakula?

Habari za viza usiniulize, mambo ya karatasi yana mwendo wake. Lakini mwambie mama mashuka yasikunjwe.

Ya Kanpur usiyatie moyoni sana. Endelea kumeza dawa. Nijibu upesi, hata mistari miwili.

Farhat


Lucknow, 20 Januari 1987

Mama mdogo wangu,

Assalamu alaykum. Simu ya upepo tuliyokutumia najua umeipata, maana Baba aliipeleka posta mwenyewe, asubuhi ile ile, huku amevaa viatu visivyofanana. Bibi yetu ametutoka. Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun. Tumemzika kando ya Babu.

Barua yako ya Desemba ilifika siku ya hitima.

Ulitaka ukweli. Kifua kilianza kumbana tangu mwezi wa kumi na moja. Daktari alikuja, akasema ni moyo na uzee, akaacha dawa. Bibi alinikataza kukuandikia. "Usimtie Farhat roho juu, yuko mbali, atafanya nini? Akija ataniona mwenyewe." Kila Ijumaa aliniuliza kama imekuja barua yako yenye tarehe ya safari.

Jioni ya mwisho hakuweza kunyanyuka. Alimtuma Mama apashe maziwa, akaonja kwa kidole kama yana sukari, akasema, "Kunywa mbele yangu nikuone." Nikala malai, nikameza kidonge, nikanywa. Nikafungua mdomo bila kuambiwa, akacheka kidogo. Kisha akanigusa shavu kwa mgongo wa mkono, akasema, "Zimepungua."

Hazikuwa zimepungua, Mama mdogo. Nilisema, "Ndiyo, Bibi, zimepungua sana."

Akasema, "Basi shela si mbali." Alfajiri Mama alipokwenda kumwamsha kwa sala, alikuwa keshakwenda.

Sijui niandike nini tena. Mashuka ya wageni waliyalalia wageni wa matanga. Nisamehe nikikuuliza, lakini kila mtu hapa ananiuliza mimi: kwa nini hukuja?

Nuzhat


Karachi, 15 Februari 1987

Mwanangu Nuzhat,

Viza walininyima tangu Novemba. Waligonga muhuri wakanirudishia pasi bila kuniangalia. Nikasema nikimwandikia mama atavunjika moyo, bora angoje. Kumbe na yeye anakwambia usiniandikie, nisiingiwe na hofu. Yeye ananificha mimi, mimi namficha yeye, na katikati tumekuweka wewe mtoto. Nina hasira na serikali zote mbili, lakini nina hasira zaidi na mimi mwenyewe.

Nilifanya hitima hapa nyumbani kwangu. Majirani walikuja, wakasoma, wakala, wakaondoka. Hakuna hata mmoja aliyemjua. Nilikaa nikisimulia habari za kikombe cha shaba kwa watu waliokuwa wakinitazama kwa huruma tu.

Kile kikombe nani amekichukua? Kama hakuna anayekitaka, kikae kwako.

Meza dawa. Usiache kwa sababu ya msiba. Angekasirika.

Farhat


Lucknow, 10 Machi 1987

Mpenzi Mama mdogo,

Assalamu alaykum, shikamoo. Hatujambo kwa msiba wetu. Mama analia akipika na anaacha akimaliza. Kikombe ninacho mimi.

Nilifanya ulivyoniambia, sikuacha dawa. Na uso wangu umetakata.

Sikukwambia mapema kwa sababu sikuamini. Ilianza taratibu, wiki chache baada ya matanga. Zile kubwa zikanywea, mpya hazikutoka, na sasa yamebaki madoa tu, nayo yanafifia. Nyumba nzima inasema ni dua ya Bibi, kwamba ameniombea huko aliko. Mama amechinja mbuzi na kugawa nyama kwa maskini kwa jina lake.

Watu wa Kanpur waliposikia walirudi. Yule mama akanigeuzia dirishani tena, akasema, "Mashallah." Dada mtu akanikumbatia. Tarehe ni ya ishirini na nne Aprili, kabla ya Ramadhani. Taukir amemtuma mdogo wake aniletee salamu tu, wala si neno jingine, na nimefurahi. Nilitaka ujue kwamba nimefurahi, kabla sijakuandikia haya yanayofuata.

Juzi nilikwenda kwa Daktari Rizvi. Alinigeuzageuza uso, akafurahi, halafu akakunja uso. Akasema, "Hiki ndicho nilichokuwa nakingoja Novemba. Kimebadilika nini tangu wakati ule?"

Nikamwambia sijui.

"Ulikuwa unameza na nini? Hukuwa unameza na maziwa?"

Nikauliza kwani maziwa yana nini. Akasema maziwa huikamata dawa hii tumboni, isiingie mwilini. Inapita tu. Ndiyo maana alisema maji.

Nilikaa pale kwenye kiti, Mama mdogo, nikaanza kuhesabu nyuma. Nilikumbuka kwamba siku ya mazishi tulimwambia Ramdin asilete tena maziwa, kwa sababu nani wa kuyanywa. Tangu siku ile nameza kwa maji ya mtungi, nikipita, hata sikai. Hakuna anayesimama kunitazama.

Angenipa maji, mwezi wa kumi na moja uso ungekuwa umetakata. Wangerudi. Angeniona na shela. Kile kitu kimoja alichokitaka duniani, alikizuia mwenyewe, kila asubuhi na kila jioni, kwa maziwa aliyojinyima.

Daktari alikuwa bado ananitazama. Nikamwambia, "La, daktari. Siku zote nilimeza na maji."

Aliandika hivyo.

Sijamwambia Mama. Nimekuandikia wewe tu kwa sababu nikibaki nalo peke yangu litanipasua.

Nuzhat


Karachi, 2 Aprili 1987

Mwanangu,

Umefanya vyema kusema maji. Usimwambie dada, wala Taukir, hata mkizeeka pamoja.

Nilisoma barua yako jikoni na maziwa ya watoto yakachemka yakamwagika yote. Nilizima jiko nikakaa chini. Mimi pia nilipiga hesabu ile uliyoipiga, mwezi wa kumi na moja, shela jekundu, mama amekaa kwenye kiti chake. Nililia kwa sauti. Mtoto wangu mdogo akaniletea leso na maji, na maji yale nilishindwa kuyanywa.

Uliniuliza Septemba umkatalie au la. Nikakujibu mwache, nikacheka. Basi tuko wawili katika hili, na mama yetu hayumo. Yeye hakujua. Afadhali hakujua.

Viza wamenyima tena. Hina atakupaka mtu mwingine. Nimempa shela mama mmoja anayekuja Delhi kwa ndugu zake, jekundu, nimelishona pindo mwenyewe. Likifika limekunjamana, lipige pasi.

Mungu akupe kheri, akupe watoto. Wakiugua, wape dawa daktari anavyosema, na kaa karibu nao mpaka wamalize.

Mama yako mdogo,
Farhat


Lucknow, 23 Aprili 1987

Mpenzi Mama mdogo,

Assalamu alaykum, shikamoo. Naandika upesi kabla ya kupakwa hina, maana baada ya hapo sitashika kalamu. Nyumba imejaa, Baba amejificha na gazeti juu ya paa, Mama anatafuta funguo ambazo amezifunga kiunoni mwake mwenyewe. Shela limefika. Limepigwa pasi. Nimelijaribu, na Mama alitazama kile kiti cha Bibi kabla ya kunitazama mimi.

Leo nimemaliza dawa. Daktari Rizvi alisema ikifika arusi basi inatosha, na kilibaki kidonge kimoja tu.

Asubuhi nilimngoja Ramdin mlangoni. Nilipomwomba maziwa hakuuliza kitu, akapima kile kipimo chake cha zamani, cha Bibi. Nikayapasha mwenyewe, nikatia sukari, nikaonja kwa kidole. Nikayamimina kwenye kikombe cha shaba nikangoja mpaka malai ikashika juu.

Nikala malai kwanza. Kisha kidonge. Kisha nikanywa hadi chini, nikiwa nimesimama mbele ya kitanda cha Bibi, na nilipomaliza nikafungua mdomo.

Wako,
Nuzhat